Risasi za nyati, tembo na simba: .375, .416, .458 na .470 zikilinganishwa

"Je, .375 inamtosha nyati?" Swali hili, kuhusu bunduki yenye risasi ya kipenyo cha inchi 0.375, lina majibu mawili, kwa sababu huulizwa na watu wawili tofauti. Wa kwanza ni mwindaji mwenye kibali, amesimama mita 60 kutoka kwa dume lililotulia, bunduki ameiegemeza kwenye fito, anasubiri mnyama ageuze bega. Wa pili ni mwindaji bingwa (anayeongoza wageni) au askari wa wanyamapori, anayeingia kichakani nusu saa baadaye kwa kuwa ile risasi ya kwanza haikwenda ilikotakiwa. Mbele yake anatembea mfuatilia nyayo, macho yako chini akitafuta tone la damu, na mkononi ana fimbo tu. Ulinganisho huu nimeuandika nikiwafikiria hao watatu, na zaidi huyo wa mbele. Yeye hakuchagua risasi, lakini mnyama akitoka ndiye anayefikiwa kwanza.

Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo Afrika Mashariki mazungumzo haya yanahusu hasa vitalu vya uwindaji vya Tanzania, na Uganda kwa kiasi kidogo. Kwa wanyama hatari, kiwango cha chini Tanzania ni kaliba (kipenyo) ya .375. Hicho ni kizingiti cha mlango: kinakuambia nani haruhusiwi kuingia, hakikuambii ukishaingia ukae wapi.

Hizi hapa ni risasi zinazokutwa zaidi kambini, kwa vipimo vya kawaida vya kiwandani. Kichwa ni kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni. Namba za mwendo hupanda na kushuka kidogo kulingana na urefu wa mtutu na mtengenezaji.

| Risasi | Uzito wa kichwa | Mwendo mtutuni | Nishati |
|---|---|---|---|
| 9.3x62 | greni 286 (gramu 18.5) | karibu m 720 kwa sekunde | karibu jouli 4,800 |
| .375 H&H Magnum | greni 300 (gramu 19.4) | karibu m 770 | karibu jouli 5,750 |
| .416 Rigby | greni 400 (gramu 25.9) | karibu m 730 | karibu jouli 6,900 |
| .458 Winchester Magnum | greni 500 (gramu 32.4) | karibu m 640 | karibu jouli 6,600 |
| .458 Lott | greni 500 | karibu m 700 | karibu jouli 7,900 |
| .470 Nitro Express | greni 500 | karibu m 655 | karibu jouli 6,950 |

Safu ya mwisho ndiyo inayopendwa katika mabishano, nami naiamini kidogo kuliko zote. Nishati peke yake haimwangushi mnyama wa kilo 700. Kinachomwangusha ni tundu lililonyooka, lililopita kwenye ngozi, misuli na mfupa wa bega na kufika kwenye moyo, mapafu, uti wa mgongo au ubongo. Kichwa cha risasi kikipinda njia, kikipasuka juu ya mfupa au kikisimama katikati ya tumbo, jouli zote hizo zimekwisha bila kazi.

W.D.M. Bell, mwindaji aliyejulikana kwa safari zake za Karamoja, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa .275 Rigby, risasi ndogo ambayo wengine huiita 7x57, yenye kichwa kigumu cha greni 173. Hadithi yake hutumiwa kuthibitisha kwamba kaliba haina maana. Mimi naiona inathibitisha jambo jingine: kichwa kirefu, chembamba na kigumu, kisichopinda, kikipelekwa mahali halisi na mtu aliyejifunza fuvu la tembo ndani na nje, hufika kwenye ubongo. Lakini Bell alichagua mwenyewe wakati wa kupiga na wakati wa kuacha. Mwindaji bingwa anayefuata mnyama aliyejeruhiwa na mgeni wake hana uchaguzi huo. Mnyama ndiye anayechagua umbali, upande na dakika.

Risasi ngumu na risasi laini

Kabla ya kaliba, amua kichwa. Watu wengi hununua bunduki kwa miezi na risasi kwa dakika tano, na hapo ndipo mambo huharibikia.

Risasi laini hupanuka ikiingia mwilini. Tundu linakuwa pana, mshtuko ni mkubwa, lakini haiendi mbali. Zile za kizamani, koti jembamba la shaba juu ya kiini cha madini ya risasi, zilitosha kwa swala na nyumbu. Kwenye bega la nyati zikipigwa karibu hupasuka vipande. Laini za kisasa zimejengwa kuzuia hilo: Swift A-Frame ina ukuta wa shaba katikati na kiini kilichogandishwa kwenye koti lake, Barnes TSX ni shaba tupu kuanzia ncha hadi mwisho. Zote mbili hupanuka bila kupoteza uzito mwingi. Shaba tupu ina faida nyingine ambayo kwetu si ndogo, kwa kuwa nyama ya nyati hugawiwa vijijini: haiachi chembe za madini ya risasi kwenye nyama wala kwenye utumbo ulioachwa kwa tai. Ina tabia moja ya kuangalia, kwamba ni nyepesi kwa ujazo, hivyo kichwa cha shaba cha uzito uleule huwa kirefu zaidi na hula nafasi ya baruti. Ndiyo maana katika .375 wengi huchukua shaba ya greni 270 au 300 na hawaendi juu ya hapo.

Risasi ngumu haipanuki kabisa. Kazi yake ni kwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Ngumu za zamani zilikuwa na ncha ya mviringo, na baadhi zilikuwa na tabia ya kupinda njia zikikutana na mfupa kwa mshazari. Ngumu za sasa zenye ncha bapa, zilizochongwa kwa kipande kimoja cha shaba, hunyooka zaidi, kwa sababu ncha bapa husukuma nyama pembeni na kubakiza mwili wa risasi ndani ya uwazi huo bila kuguswa ubavuni. Ila ncha bapa hukwama katika baadhi ya bunduki inapopanda kutoka kwenye magazini kwenda chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Jaza magazini yote, koki kwa nguvu na kwa haraka mpaka iishe, halafu rudia. Ikikwama mara moja uwanjani, badilisha kichwa au mpelekee fundi bunduki hiyo kabla ya msimu.

Kwa nyati, mpangilio ninaouamini ni laini ya kisasa chembani na ngumu zinazofuata kwenye magazini. Sababu ya kuanza na laini haiko kwa nyati unayempiga. Iko kwa yule aliyesimama nyuma yake. Nyati hujibana, na risasi ngumu ya .416 ikimpita mmoja kati ya mbavu inaweza kumjeruhi wa pili ambaye hujamwona, na sasa una nyayo mbili za damu. Akishapigwa na kukimbia, hali inageuka: atakuonyesha makalio au atakujia uso kwa uso, na kote huko unahitaji risasi ipite mwili mrefu. Hapo ngumu ndiyo yenyewe.

.375 dhidi ya .416

Hapa ndipo uamuzi wa wengi ulipo. Watengeneza bunduki Holland & Holland (H&H) wa London waliitoa .375 mwaka 1912. Rigby, wa London pia, walikuwa wameitoa .416 mwaka uliotangulia. Zaidi ya miaka mia imepita na bado mabishano ni yaleyale.

Faida ya kwanza ya .375 ni teke linalovumilika. Katika bunduki ya kilo 4 hivi, inarudisha begani karibu jouli 50. Bunduki ya .30-06 ambayo wengi wameizoea hurudisha chini ya 30. Kwa hiyo .375 inauma, lakini mtu wa kawaida hujifunza kuipiga vizuri kwa mazoezi ya uaminifu. Ya pili ni mwendo wake: inamfikia pofu (yule swala mkubwa) mita 200 bila hesabu nyingi, hivyo bunduki moja inabeba safari nzima, kuanzia swala wa chakula cha kambi hadi nyati. Ya tatu ni umbo la ganda la risasi, refu na lililochongoka taratibu, linaloteleza kuingia na kutoka chembani. Ya nne ni upatikanaji. Sanduku la risasi likipotea uwanja wa ndege, .375 ndiyo utakayoazimwa kambini.

Faida ya .416 ni uzito. Kichwa chake kimezidi cha .375 kwa theluthi moja, na eneo la tundu kwa karibu robo. Uzito wake ukilinganishwa na kipenyo ni mkubwa zaidi pia: kwa hesabu ya kawaida ya wataalamu wa risasi, greni 400 za .416 hupata 0.330 na greni 300 za .375 hupata 0.305. Hiyo ndiyo namba ninayoitazama kuliko jouli, kwa sababu vichwa viwili vya umbo na ugumu uleule vikienda kwa mwendo unaokaribiana, chenye namba kubwa hufika mbali zaidi mwilini. Tofauti hii haionekani kwa nyati aliyesimama ubavu. Inaonekana kwa nyati anayekimbia akikupa mgongo, risasi ikitakiwa kupita tumbo lililojaa majani mabichi kabla ya kufika kifuani.

Gharama yake ni teke la karibu jouli 80 hata katika bunduki ya kilo 4.5. Watu wengi wakifika hapo huanza kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa hofu, na risasi inakwenda chini au kulia. Nyati aliyepigwa tumboni kwa .416 ni mbaya kuliko aliyepigwa moyoni kwa .375, na hilo mfuatilia nyayo yeyote atakuthibitishia.

Kuna jambo la joto ambalo halisemwi vya kutosha. Ganda la .416 Rigby ni kubwa mno kwa sababu lilibuniwa enzi za kordaiti, baruti iliyopandisha shinikizo vibaya juani. Kwa hiyo Rigby hufanya kazi yake kwa shinikizo lisilozidi bar 3,250, wakati .375 imewekewa 4,300. Mwezi Oktoba, risasi zikiwa zimeachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser, tofauti hiyo ni mtu kukoki kwa urahisi au kukuta ganda limeng'ang'ania chembani. Remington walitoa .416 yao mwaka 1988, yenye mwendo uleule kwa ganda dogo na shinikizo kubwa zaidi. Bunduki yake huwa nafuu na nyepesi, na risasi hiyo ni nzuri, ila iweke kivulini.

Msimamo wangu: anayepiga risasi ya kwanza achukue .375 yenye laini bora ya greni 300, na pesa iliyobaki anunue risasi za mazoezi. Anayefuata kichakani achukue .416 au zaidi. Mwindaji bingwa mwenye .375 peke yake huwa ananitia wasiwasi, hata akiwa mlengaji hodari.

.458 mbili zisizofanana

Winchester waliitoa .458 mwaka 1956 wakitaka nguvu za bunduki za Kiingereza za mitutu miwili ndani ya bunduki ya bolti (inayokokiwa kwa mkono kila risasi) ya bei ya kawaida. Waliifupisha iingie kwenye mashine ya urefu uleule wa .30-06. Ufupi huo ulileta tatizo. Ili kufikia mwendo uliotangazwa ilibidi baruti ishindiliwe, na katika miaka ya mwanzo baadhi ya risasi zilizokaa muda mrefu baruti yake ilishikana ikaungua vibaya. Mwendo halisi ulishuka, kichwa cha greni 500 kikakosa nguvu ya kupita, na watu wakaumia.

Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, aliamua kurefusha ganda. Risasi yake, .458 Lott, ilikubaliwa rasmi kiwandani Marekani mwaka 2002. Urefu wa ziada unaipa karibu mita 60 kwa sekunde zaidi bila kushindilia baruti. Na ina zawadi moja ya kiutendaji: chemba ya Lott hupokea risasi za .458 Winchester, kwa hiyo unaweza kufanyia mazoezi risasi nafuu na kuingia porini na Lott.

Baruti za leo zimeiponya .458 Winchester kwa kiasi kikubwa, hasa kwa vichwa vya greni 450 vinavyoacha nafasi ndani ya ganda. Askari mwenye bunduki hiyo hana sababu ya kuitupa. Anayenunua mpya leo aende Lott. Ajue tu kwamba teke lake, karibu jouli 95, linahitaji bunduki nzito iliyokaa sawasawa na mwili wake.

.470 na bunduki ya mitutu miwili

Ukiitazama .470 kwenye jedwali, haiishindi .416 kwa lolote kubwa. Thamani yake iko kwenye bunduki inayoibeba. Mitutu miwili, vifyatulio viwili, mitambo miwili isiyotegemeana. Risasi ya pili inatoka bila mkono kuondoka mahali pake. Nyati hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, yaani akitokea mita 20 ana sekunde moja na nusu hivi. Muda huo unatosha risasi moja kwa aliye mwepesi wa bolti, na mbili kwa mwenye mitutu miwili.

Upande mwingine: baada ya hizo mbili, bunduki ni tupu. Ina uzito wa kilo 5 hivi, risasi zake ni ghali sana, na mitutu yake imelinganishwa kiwandani ipige pamoja kwa aina moja ya risasi. Ukibadilisha uzito wa kichwa au mwendo, mitutu inaachana, mmoja unapiga huku mwingine kule. Bunduki kongwe zina hatari ya ziada, kwa kuwa mitutu yake myembamba haikutengenezwa kwa vichwa vigumu vya kipande kimoja na inaweza kuharibika. Hii ni bunduki ya mtu ambaye kazi yake ni kufuata, tena karibu. Kwa mgeni wa safari moja naiona ni mzigo.

9.3x62 naitaja kwa heshima. Otto Bock wa Berlin aliibuni mwaka 1905 kwa walowezi wa Kijerumani Afrika waliohitaji bunduki moja ya bei nafuu, na imeua nyati wengi. Lakini iko chini ya .375 kwa kipenyo na kwa nishati, kwa hiyo kwetu inabaki ya pofu, kongoni na nguruwe. Risasi kubwa mno za kiwandani kama .460 Weatherby, zinazovuka jouli 10,000, sizipendekezi kwa yeyote. Mwendo ule hupasua vichwa visivyo imara na bega la mtu halivumilii mazoezi.

Mnyama kwa mnyama

Tembo ni risasi ngumu tu, toka ya kwanza hadi ya mwisho. Fuvu lake upande wa mbele limejaa vyumba vya hewa kama sega la nyuki, na ubongo uko nyuma sana, kati ya matundu ya masikio. Risasi ya usoni inapita zaidi ya nusu mita ya mfupa kabla ya kufika. .375 yenye ngumu nzuri hufika. .416 na .458 hufika na kubaki na akiba, na hata zikimkosa ubongo kwa karibu humtikisa vya kutosha kukupa nafasi ya pili.

Kiboko akiwa nchi kavu, fanya kama nyati. Akiwa majini kinachoonekana ni kichwa tu, na hapo usahihi wa .375 yenye darubini unazidi uzito wa kaliba yoyote.

Simba na chui ni habari nyingine kabisa. Dume la simba lina kilo 190 hivi, mwili laini, mifupa myepesi. Risasi ngumu itampita na kumwacha akiwa hai vya kutosha kukufikia. Chukua laini inayopanuka mapema. .375 yenye greni 270 au 300 za aina hiyo ni bora sana, na wanaobeba .416 au .470 kumfuata simba aliyejeruhiwa nao waweke laini. Kosa la kuacha ngumu za nyati chembani wakati nyayo za simba zimeanza kufuatwa hurekebishwa kwa sekunde kumi. Mwindaji bingwa aseme kwa sauti, kila mtu afungue bolti na kuonyesha alichoweka.

Kwa askari wa kijijini

Nimewaacha mwisho wanaopata ushauri mdogo kuliko wote: wanaoitwa usiku kwa sababu tembo wako kwenye mahindi au kiboko yuko kwenye mpunga, wale wanyamapori wakali na waharibifu wa kwenye barua za serikali. Bunduki ya kijeshi ya 7.62x39 hurusha kichwa cha gramu 8 kwa karibu jouli 2,000. Ile hesabu ya uzito kwa kipenyo inaipa 0.18 hivi. Imetengenezwa kwa binadamu. Kumwaga risasi kumi za namna hiyo kwenye mwili wa tembo ni kumtia majeraha kumi, na atakayekutana naye kesho asubuhi ni mama anayekwenda kuchota maji.

Kwanza ni kufukuza bila kuua, hilo halina mjadala. Lakini kituo kilicho kando ya ushoroba (mapito ya wanyamapori), ambako amri ya kuua hutoka mara kwa mara, kiwe na .375 moja ya bolti, vifaa vya kulengea vya chuma vinavyoonekana kwa tochi, na risasi ngumu za greni 300 zilizohifadhiwa mahali pakavu pasipo na joto. Na askari atakayepewa funguo za kabati hiyo awe ameshaipiga mchana, akiwa amesimama, kwa umbali wa mita 15 na 30, mpaka teke lake lisimshtue.